Nimemtengenezea mpwa wangu askari kisu cha springi na ala ya ngozi: karibuni mafundi na wapenda visu

Mhunzi wa Meru (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko jeshini. Likizo iliyopita aliniomba nimfulie kisu. Kimeisha, nimemkabidhi, na nimeona niiweke kazi yote hapa kuanzia chuma hadi ala. Nina sababu. Maelezo mengi ya mtandaoni yanakuonyesha ubapa unavyong'aa, halafu ala inamaliziwa kwa sentensi mbili. Kwa kisu cha askari huo ni ufundi wa nusu. Askari anashinda na kisu ndani ya ala kutwa nzima na kukichomoa dakika chache tu. Anakaa nacho kwenye lori, analala nacho chini, anavuka nacho mto. Ala ikiwa mbovu, kisu kizuri ndicho kitakachomkata mwenyewe.

Kabla ya kuwasha mkaa nilimwambia akaulize kikosini kwake kama anaruhusiwa kubeba kisu binafsi. Akauliza, akaruhusiwa. Tena sikuchora nembo ya jeshi wala kuipa ala rangi ya sare. Sisi raia mavazi na alama za jeshi haturuhusiwi kuzichezea, na fundi mwenye heshima zake haingii huko.

Nikamuuliza: kisu cha kazi gani? Akasema, "Anko, kukata kamba, kufungua makopo, kuchonga vigingi, kukata matawi, na mara nyingine kuchimba." Kupigana hakukutaja, na hajakosea. Kile kisu cha KA-BAR walichopewa wanamaji wa Marekani mwaka 1942 kina ubapa wa inchi 7, kama sentimita 18, na sehemu kubwa ya maisha yake kilikuwa cha kufungulia makasha na makopo. Upande wa pili kuna Fairbairn-Sykes, jambia la makomando wa Uingereza lililoanza kutengenezwa mwaka 1941. Jembamba, limechongoka, limeundwa kwa kuchoma. Waliolitumia kubandua na kufungulia vitu walilalamika kwamba ncha inakatika. Mimi nikachagua njia ya kwanza, ila nikafupisha: ubapa sentimita 15, unene wa mgongo milimita 5, ncha iliyoshuka kidogo ili ibaki na nyama.

Kipimo cha mpini nilikipata kwa kumwambia aweke kiganja juu ya karatasi ya daftari la hesabu, la miraba, akichore kwa kalamu. Ukiwa na karatasi hiyo huhitaji kubahatisha. Upana wa vidole vinne unakupa urefu wa mpini, unaongeza kidogo nyuma, basi. Kwake ikaja sentimita 12 na nusu.

Mwanafunzi wa Ufundi

Mkuu, nafuatilia. Swali: springi ya gari lolote inafaa? Huku mtaani kwetu watu wanakata springi kwa grenda, wanasaga makali, wanauza siku hiyohiyo. Wanasema chuma tayari ni kigumu.

Mhunzi wa Meru

Mdogo wangu, hapo ndipo wengi wanapotea. Springi ikiwa kwenye gari ni ngumu, lakini ugumu wake ni wa kupinda na kurudi. Kiwandani baada ya kuikausha, yaani kuipoza ghafla kwenye mafuta ili iwe ngumu, wanaipasha tena moto mkali, digrii mia nne na kitu, ili isivunjike barabarani. Ukisaga kisu moja kwa moja kutoka kwenye hiyo springi utapata makali yanayojikunja ukigusa mfupa. Chuma chenyewe ni kizuri sana, aina ya 5160 au ndugu zake: kaboni kama asilimia 0.6, kromiamu chini kidogo ya asilimia 1. Ila lazima ukianze upya motoni.

Nilichukua jani la springi ya pikapu. Majani ya malori ni manene mno, utafua mpaka mabega yakome. Usikate karibu na tundu la bolti ya katikati, ndipo springi inapochokea. Na springi iliyokwisha kutumika inaweza kuwa na ufa usiouona kwa macho. Isugue mpaka iwe nyeupe, pakaza mafuta ya taa, acha robo saa, futa ikauke kabisa, kisha pakaza vumbi la chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Jani la kwanza nililoliokota lilionyesha mstari mwembamba kama unywele, nikalitupa. Kisu cha mtu anayekwenda mbali na fundi hakitengenezwi kwa chuma cha kubahatisha.

Mwanafunzi wa Ufundi

Hiyo ya chaki sikuijua. Asante sana. Endelea na moto mkuu.

Mhunzi wa Meru

Moto ndio roho ya kazi, nitakaa hapo kidogo.

Nilifua kwa mkaa, tanuri la chini lenye feni. Nikanyoosha jani, nikavuta ncha, nikashusha pande za makali kwa nyundo. Chuma kikififia kutoka rangi ya chungwa kwenda nyekundu nzito, kirudishe motoni. Ukiendelea kukipiga kimepoa unakitia nyufa wewe mwenyewe. Baada ya kufua, nilikipasha mpaka kiive, nikakiacha kipoe hewani taratibu, nikarudia mara tatu, kila mara moto ukipungua kidogo. Hapo chembe za ndani zilizovurugwa na nyundo zinarudi kuwa ndogo. Mwisho nikakifukia kwenye majivu usiku kucha ili kilainike, tupa ikifanye kazi.

Halafu tupa, drili na msasa. Msuka, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, niliuacha upana wote wa mpini, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisu cha msuka mwembamba uliochomekwa tu ndani ya mti kitafaa jikoni. Kwa mtu atakayebandua nacho mbao, hapana. Ila nilitoboa matundu kadhaa kwenye msuka kupunguza uzito, ili kisu kisimame sawa kidole kikiwa mbele tu ya mpini. Makali niliyaacha na unene wa zaidi kidogo ya milimita moja. Ukiyafanya membamba kabla ya kuyatia kwenye mafuta yatapinda au yatapasuka.

Siku ya kukausha nilisubiri jioni, giza likianza kuingia, kwa sababu mchana jua linakudanganya rangi. Nilifunga sumaku ya spika ya zamani kwenye waya. Chuma kikifika digrii 770 hivi, sumaku haikishiki tena. Watu wengi wanakichovya hapo hapo. Ongeza moto kidogo, kifike kama 830, rangi ipande hatua moja na iwe sawa toka ncha hadi shingo ya mpini. Kisha chovya kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa mpaka mkono unaona tabu kuyagusa, digrii 50 au 60. Ncha ianze kuingia, wima, ukikisogeza mbele na nyuma kama unakata. Ukikiyumbisha ubavuni kinapinda. Oili chafu ya injini siitumii: moshi wake ni sumu na mabaki yake hujui ni nini.

Kilipopoa nikapitisha tupa kwenye makali. Tupa ikateleza kama juu ya kioo, haikung'ata. Hapo ujue kimekubali. Lakini kikiwa hivyo, kikidondoka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili, kwa hiyo usilale nacho. Nilikiweka kwenye oveni digrii 200, saa mbili, kikapoa, kikarudi saa mbili nyingine. Ukisugua sehemu iwe nyeupe kabla, utaona rangi ya majani makavu inatanda. Baada ya hapo nikalaza makali ndani ya mchanga uliolowa maji, mgongo ukiwa juu, nikaupasha mgongo kwa nondo nyekundu. Rangi zikaanza kutembea: majani makavu, shaba, zambarau, mpaka buluu ikakaa mgongoni. Nondo nikaiondoa kabla zambarau haijakaribia makali. Sasa makali ni magumu, mgongo unavumilia. Ndicho kisu cha askari.

Mjomba wa Kitaa

Kaka hongera, lakini niulize kwa nia njema. Kisu cha kiwandani cha stenlesi kinauzwa, hakipati kutu, na kinakuja na ala ya plastiki. Kwa nini kijana abebe chuma kinachoshika kutu?

Mhunzi wa Meru

Swali la haki. Stenlesi nzuri ni nzuri kweli, ila inataka tanuri linalopima joto sawasawa, siwezi kukudanganya kwamba naiweza kwa mkaa. Stenlesi ya bei rahisi haipati kutu na haishiki makali pia. Hiki changu kikipoteza makali, kijana atakinoa kwenye jiwe lolote la mtoni.

Na kutu nimeipunguzia njia. Baada ya kusugua kwa msasa wa 400, nilikifuta kwa spiriti kisibaki na mafuta ya mkono, nikakitumbukiza kwenye siki ya moto. Kinatoka kijivu cha kukolea. Ngozi hiyo ya kijivu inachelewesha kutu, na faida ya pili ni kwamba hakimeremeti juani. Mtu wa porini hataki kioo kiunoni.

Mwanafunzi wa Ufundi

Na mpini? Naona wengi wanaweka plastiki.

Mhunzi wa Meru

Mpingo. Nilipata vipande kwa wachongaji vinyago, mabaki tu. Mpingo ukiutia majini unazama, haunywi maji ovyo, hautikisiki kwa jua. Una shida mbili. Una mafuta ya asili, gundi haishiki mpaka uufute kwa thina dakika hiyohiyo unayobandika. Na vumbi lake ni baya kwa kifua na macho, vaa barakoa hata kama unasaga kidogo. Nilibandika kwa gundi ya tyubu mbili na kupigilia pini za shaba njano za milimita 6. Sikuung'arisha. Mpingo uliong'arishwa unapendeza kabatini, ukilowa unateleza. Niliishia msasa wa 220 na mafuta kidogo, nikatoboa tundu nyuma la kupitisha kamba ya mkononi.

Afande Mstaafu

Nimesoma yote. Kijana unajua kazi. Mimi nilitumikia miaka mingi, nizungumzie ala maana ndiyo uliyoahidi.

Mwenzangu mmoja aliruka kutoka kwenye lori, kisu chake kikatoboa ala chini na kumwingia pajani. Ala ilikuwa ngozi laini ya mkoba, imeshonwa pembeni bila kitu katikati. Makali yalikuwa yakila ule uzi kila anapochomoa, siku ya siku ukaachia. Kwa hiyo fundi: ala iwe ngumu, ncha iwe na nafasi yake, na uzi usikutane na makali. La pili, kelele. Kishikizo cha chuma kinachogonga pini ya chuma usiku kinasikika mbali. La tatu, urefu. Ikining'inia sana inakupiga goti ukikimbia. Ikiwa juu sana mpini unakuchoma mbavu ukikaa au ukivaa begi.

Mhunzi wa Meru

Shikamoo afande. Nashukuru sana, haya ndiyo niliyotaka yasemwe na mtu aliyevaa. Nakuja na ala.

Kwanza ngozi. Ngozi nyingi madukani imetengenezwa kwa kromu. Ni laini, inafaa sehemu ya juu ya viatu na mikoba. Kwa ala haifai: haikubali kushika umbo, na chumvi zake zinakula chuma. Tafuta iliyotengenezwa kwa magome. Kuitambua, ikate ukingo uangalie katikati: ya kromu ina ubuluu au ukijivu, ya magome ni kahawia mpaka ndani.

Mama Ngozi

Kaka yangu nikuongezee hapo. Mimi nashona mikanda na viatu vya wazi. Magome ya miwati ndiyo yanayotoa ngozi ngumu nzuri. Njombe kuna kampuni ya miwati tangu 1949, inatoa unga wa magome kwa watengeneza ngozi. Zamani pwani walitumia magome ya mikoko, yanatoa wekundu wa kukolea, na mengi yalipakiwa melini kwenda nje. Ukinunua, omba sehemu ya mgongo wa ng'ombe. Ya tumbo inavutika, ala itapanuka baada ya mvua ya kwanza. Umetumia unene gani?

Mhunzi wa Meru

Dada umenena. Milimita 3 na nusu, ya mgongo.

Nilichora kisu kwenye karatasi ngumu kwanza, nikaikunja, nikaingiza kisu, nikarekebisha mpaka ikakaa, ndipo nikagusa ngozi. Ngozi ni ghali, karatasi haina hasara. Kati ya kuta mbili, upande wa makali, niliweka ukanda wa kati wa ngozi yenye unene kama wa ubapa, kutoka mdomoni hadi chini. Ndio jibu la alichosema afande: makali yakiteleza yanakutana na ngozi nene, uzi uko nyuma yake. Chini kwenye ncha nikaufanya ukanda uwe mpana zaidi, na kipande kingine cha ngozi ndani.

Kushona: mkono, sindano mbili, uzi mmoja wenye sindano kila mwisho. Nilitia alama kila milimita 4, nikatoboa kwa msharasi, sindano zote mbili zinapita tundu moja zikipishana. Uzi upande mmoja ukikatika, wa upande wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani haufanyi hivyo. Ukikatika mmoja unafumuka kama mfuko wa sukari. Uzi wa polista, nimeuvuta kwenye nta ya nyuki mpaka ukanata. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, kata.

Halafu umbo. Nilikipaka kisu mafuta, nikakizungushia plastiki nyembamba tabaka mbili, nikailoweka ala kwenye maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yakaacha kutoka. Kisu ndani. Sasa unakanda kwa vidole gumba na mfupa laini, pole pole, kufuata mstari wa mpini, hasa pale mpini unapovimba. Ngozi inakumbuka. Ilikauka kivulini siku mbili. Juani inakakamaa na kupasuka. Ikikauka, kisu kinaingia kwa kusukuma na mwisho unakisikia kinakaa. Sentimita 4 za mpini zimezama ndani ya mdomo wa ala. Ukiigeuza juu chini na kuitikisa, hakitoki.

Hata hivyo nimeongeza mkanda mwembamba wa kuzunguka mpini, unaofungwa kwa kichwa kidogo cha shaba kinachoingia kwenye tundu la ngozi. Ni ngozi inayokutana na shaba, hailii. Chini kabisa nimeacha tundu: maji yanatoka, na kamba ya kufungia pajani inapita hapohapo.

Afande Mstaafu

Hiyo ya tundu la chini umeniwahi. Ala isiyotoa maji ni kopo. Na kitanzi cha mkanda?

Mhunzi wa Meru

Nimekipima kwa mkanda wake wa kazi, sio wa suruali ya nyumbani, afande. Kitanzi kirefu kiasi cha mdomo wa ala kukaa usawa wa ukingo wa chini wa mkanda. Nilimwambia akae kwenye kiti, apige goti, alale kifudifudi, nikiwa bado sijakishona moja kwa moja. Nikakishusha kidogo baada ya kuona mpini unamgusa ubavu.

Mdigo wa Tanga

Mada nzuri sana hii. Niongeze jambo. Vita vya Tanga, Novemba 1914, katika jeshi la Waingereza lililotoka India kulikuwa na Wagurkha, askari wenye asili ya Nepal, na visu vyao vya kupinda, khukuri. Wafua khukuri wa Nepal nao siku hizi wanafua kwa springi za malori, kama wewe. Kinachonivutia ni ala zao: nyuma ya kisu kikubwa kuna vijisu viwili vidogo, kimoja cha kazi ndogondogo, kingine hakina makali, ni cha kunyooshea makali ya kile kikubwa. Mtu anatembea na karakana yake.

Mhunzi wa Meru

Mdigo, asante. Wazo hilo ndilo nililofanyia kazi. Mbele ya ala nimeshona mfuko mdogo wa jiwe la kunolea la urefu wa kidole. Wamasai na Wakikuyu nao sime zao wanafua kwa springi siku hizi, na ala zao za ngozi nyekundu zinabana upanga mpaka unausikia ukitoka. Akili ipo hapa kwetu toka zamani, tukae na wazee tuichukue.

Mama Ngozi

Mwambie kijana asikihifadhi kisu ndani ya ala miezi mingi akiwa nyumbani. Ngozi ya magome ina asidi, inavuta unyevu, kisu kitatoka na madoa.

Mhunzi wa Meru

Nimemwambia hivyohivyo, dada. Kazini kikae kwenye ala, kikilowa akifute na kukipaka mafuta kidogo. Mafuta ya kula yanafaa, ndicho kisu atakachokatia mkate pia. Nyumbani kikae nje ya ala, kwenye kitambaa. Ala aipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nazi kidogo, asiichovye kwenye mafuta mengi, italegea. Na mjini akiwa kiraia, kisu kibaki nyumbani. Kiunoni sokoni ni kujitafutia kesi. Akisafiri kwa ndege kiende kwenye mzigo wa chini.

Mwanafunzi wa Ufundi

Mkuu, nina kaka yangu naye yuko kikosini. Unapokea oda? Nitume nini?

Mhunzi wa Meru

Napokea, lakini polepole, na kwa aliyekwisha kuruhusiwa kazini kwake. Tuma mchoro wa kiganja kwenye karatasi ya miraba, kiganja cha mkono anaoutumia. Tuma upana na unene wa mkanda wake wa kazi. Niambie kazi tatu atakazokifanyia kisu mara nyingi, ziwe za kweli, sio za sinema. Na uniambie kama anatumia kushoto, kwa sababu ala ya kushoto inakatwa kinyume tangu mwanzo, ikishashonwa haigeuziki.